Je, Wajua? Diski Zilizoyashinda Masikio

Katika senta kama Kasoli, wilayani Bariadi, muziki hauulizwi umetoka kwenye diski gani. Watu huuliza sabufa ni ya nani na kadi yake ina nyimbo ngapi. Anayeuza nyimbo huichomeka memori kadi kwenye kompyuta, na muda si mrefu mteja anaondoka na manju wa Kisukuma, bendi za zamani za Dar es Salaam, kwaya na bongo fleva, vyote vimelala ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha. Kwa hiyo ile vita ya diski za sauti safi, iliyowapambanisha Sony, Philips na wenzao mwanzoni mwa karne hii, iliipita Bariadi bila hata kupiga honi. Maswali yake ndiyo yaliyobaki, na yanamhusu yeyote mwenye masikio mawili na spika moja.

Namba ya CD ilitoka kwenye video

Je, wajua kwamba sauti iliyo kwenye CD ya kawaida imepimwa mara 44,100 kila sekunde? Namba hiyo haikuchaguliwa kwa sababu inapendeza masikioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hakukuwa na chombo cha bei nafuu cha kuhifadhi namba nyingi kiasi hicho isipokuwa mashine za kurekodi video. Wahandisi wakaamua kuzificha namba za sauti ndani ya picha, vipimo vitatu katika kila mstari wa picha. Video ya Japani na Marekani ilikuwa na mistari 245 ya kutumika katika kila nusu-picha, na nusu-picha 60 kwa sekunde. Zidisha 3 kwa 245 kwa 60, unapata 44,100. Video ya Ulaya ilikuwa na mistari 294 na nusu-picha 50. Zidisha tena, unapata 44,100 ile ile. CD ilipoingia madukani Japani mwezi Oktoba 1982 iliirithi namba hiyo, na mpaka leo bado ipo.

Bahati nzuri, namba hiyo inatosha. Kanuni ya hesabu inasema ukitaka kuhifadhi mtetemo fulani, upime angalau mara mbili ya kasi yake. Sikio la kijana mzima hufika mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kila mwaka unaoongezeka unapunguza kidogo. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Maana yake ni kwamba CD tangu siku ya kwanza ilikuwa imelifunika sikio la binadamu na kubakiza akiba juu yake. Wazee wengi hawafiki hata 12,000, ingawa wao ndio wenye fedha za kununulia mitambo ya gharama.

Bagika na Bagalu wa diski

Sasa, kama CD ilitosha, kwa nini walitengeneza nyingine? Jibu moja ni biashara: hataza za CD zilikuwa zinakaribia kwisha muda, na zikiisha mrabaha unakatika. Jibu la pili ni imani ya dhati ya mashabiki wa sauti safi kwamba kuna kitu CD inakipoteza, hewa fulani kuzunguka ala, mkia fulani wa mlio wa toazi.

Mwaka 1999 Sony na Philips wakaleta Super Audio CD, yaani SACD. Badala ya kupima sauti mara 44,100 kwa namba ndefu ya biti 16, diski hii hupima mara 2,822,400 kwa sekunde, lakini kila kipimo ni biti moja tu: panda au shuka. Mashine ya kwanza ya Sony, SCD-1, iliuzwa Marekani kwa dola 5,000. Mwaka uliofuata kundi la pili, likiongozwa na makampuni kama Toshiba na Panasonic, likaleta DVD-Audio, iliyopima mpaka mara 192,000 kwa biti 24. Diski hizo mbili zilikuwa na upana ule ule na zilimlenga mnunuzi yule yule, lakini hakuna mashine ya kundi moja iliyosoma diski ya kundi la pili, mpaka baadaye yalipotoka mapleya ya kusoma zote.

Msukuma hahitaji kuelezwa sana hapo. Tangu karne ya kumi na tisa, walipoibuka waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, ngoma za Usukumani zimegawanyika katika Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande hizo mbili hucheza siku moja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji anayepima ufundi kwa karatasi; umati ukihamia upande wa pili, umeshindwa, hata kama mwimbaji wako ni bora zaidi. Tofauti ni kwamba kwenye uwanja wa diski, Bagika na Bagalu waliendelea kutunishiana misuli huku umati wote ukiondoka na kufuata ngoma ya tatu. Ngoma hiyo iliitwa MP3. Napster, huduma ya kugawana nyimbo mtandaoni, ilianza 1999, mwaka ule ule wa SACD. Pleya ya mfukoni ya iPod ikafuata Oktoba 2001.

Kijana wa Norway aliyewachelewesha wakubwa

DVD-Audio ilipangwa kutoka mwishoni mwa 1999. Ikakwama kwa sababu Oktoba mwaka huo programu iitwayo DeCSS ilisambaa kwenye mtandao ikiwa na uwezo wa kufungua kufuli la DVD za sinema. Aliyehusishwa nayo zaidi ni Jon Lech Johansen, Mnorway wa miaka 15. Makampuni ya muziki yakaogopa kwamba kufuli la diski yao mpya lilikuwa ndugu wa lile lililovunjwa, yakaomba litengenezwe jingine. Miezi ikapita. Johansen alishitakiwa kwao na mahakama ikamwachia huru.

Hofu hiyo ya wezi ndiyo iliyoziumiza diski zote mbili kuliko ushindani wenyewe. Mapleya ya awali hayakuruhusiwa kutoa sauti safi kwa waya mmoja wa kidijitali. Aliyetaka kusikia spika sita alilazimika kuchomeka nyaya sita nyuma ya mashine, kila moja kwenye tundu lake. Kompyuta nayo haikuweza kusoma tabaka la SACD hata kidogo. Mteja amelipa zaidi, akapewa kazi zaidi na uhuru mdogo zaidi. Jirani yake aliyepakua wimbo bila kulipa anatembea nao mfukoni. Sijui mchumi gani angetegemea mteja huyo arudi dukani. Cha kuchekesha, kufuli la SACD lilikuja kuzungukwa kwa kutumia PlayStation 3 za mwanzo za Sony wenyewe, ambazo zilikuwa na uwezo wa kusoma diski hizo.

Kuna pia walioimiliki SACD bila kujua. Mwaka 2002 albamu za zamani za Rolling Stones zilitolewa upya kwenye diski chotara, zenye tabaka la CD na tabaka la SACD pamoja. Majalada hayakutangaza jambo hilo kwa sauti kubwa, na watu wengi wakazinunua kama CD za kawaida.

Majibu 276 kati ya 554

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Mwaka 2007 jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, lilichapisha jaribio la Brad Meyer na David Moran wa Boston. Walicheza SACD na DVD-Audio kwenye mitambo mizuri, na katikati ya njia wakaweka swichi. Upande mmoja sauti ilipita kama ilivyo. Upande wa pili ilipunguzwa kwanza mpaka kipimo cha CD, biti 16 na mara 44,100. Wasikilizaji, wakiwemo wahandisi na mashabiki sugu, waliulizwa: ipi ni ipi? Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ni asilimia 49.8. Shilingi ukiirusha hewani ingekupa matokeo hayo hayo.

Mashabiki walikasirika, na ubishi haukuisha. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa chuo kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500 na kukuta majibu sahihi ni asilimia 52.3. Kidogo juu ya bahati nasibu. Waliopewa mafunzo ya kusikiliza walipanda zaidi, kuelekea asilimia 60. Kwa hiyo pengine kipo kitu. Lakini ni kitu cha kuwindwa kwenye chumba kimya, na mwenye sabufa ya barabarani asihangaike nacho.

Sehemu ya jaribio la Boston isiyonukuliwa sana ndiyo tamu zaidi. Meyer na Moran waliandika kwamba diski hizo za gharama kweli zilisikika vizuri kuliko CD nyingi. Sababu haikuwa namba zake. Mafundi waliopewa kazi ya kuandaa SACD walijua mnunuzi wake ni mtu anayekaa chini kusikiliza, wakaachiwa nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. CD ya wimbo ule ule iliandaliwa kwa ajili ya redio ya gari, ikapandishwa sauti mpaka ikabanwa. Waliodhani wanasikia diski walikuwa wanasikia mikono ya fundi.

Ngoma ivumayo

Kubanwa huko kuna historia. Kuanzia miaka ya 1990 kila kampuni ilitaka wimbo wake uvume kuliko wa jirani, na njia rahisi ni kuzipandisha sehemu za chini zilingane na za juu. Mwaka 2008 albamu ya Metallica iitwayo Death Magnetic ilitoka kwenye CD ikiwa imebanwa mpaka milio inapasuka. Nyimbo hizo hizo ziliwekwa kwenye mchezo wa video, Guitar Hero, zikiwa hazijabanwa kiasi hicho. Mashabiki wakasema mchezo wa watoto unasikika vizuri kuliko CD, na maelfu wakatia saini kuomba albamu iandaliwe upya. CD ina nafasi ya desibeli 96 kati ya mnong'ono na kishindo. Albamu nyingi za kipindi hicho zilitumia sehemu ndogo sana ya nafasi hiyo, sawa na mtu aliyejenga nyumba ya vyumba kumi akalala jikoni.

Bombay kabla ya Tokyo

Je, wajua kwamba diski imekuwa ikiutawala muziki wetu tangu 1928? Mwaka huo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri ya kasi ya mizunguko 78 ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Taarabu haikuzoea saa ya namna hiyo. Kwenye baraza wimbo ulikwenda kadiri wasikilizaji walivyoutaka. Kwa hiyo kilichobaki kwenye santuri za Siti ni sauti ya kweli katika nguo iliyokatwa fupi. Bado watu walizinunua kwa maelfu, na wasiomudu gramafoni walikwenda kusikiliza kwenye mahoteli ya chai.

Rumba za baadaye nazo zilipata shida hiyo hiyo kwenye santuri ndogo za mizunguko 45. Ndiyo sababu nyimbo nyingi zilizotolewa Nairobi zimeandikwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili: upande mmoja maneno, ukigeuza ndipo magitaa yanachachamaa. Mchezaji alipaswa kuvumilia ukimya wa sekunde kadhaa katikati ya ukumbi wakati santuri inageuzwa.

Ubora wa juu uliokaa kwenye makabati

Bendi za Tanzania, kuanzia NUTA Jazz hadi Mlimani Park, zilirekodi sana kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni. Kanda zilibaki redioni kwa matangazo. Aliyetaka santuri alitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Wananchi wakarekodi kutoka redioni kwa redio kaseti zao, wengine kwa kuweka redio mbili zikitazamana, na kaseti ikazaa kaseti mpaka sauti ya mwimbaji ikafanana na mtu aliye chini ya godoro.

Ninachotaka kusema ni hiki: kanda mama ya redio, iliyorekodiwa vizuri, ina sauti zaidi kuliko chochote ambacho wengi wetu tumewahi kusikia kutoka kwa bendi hizo. Hakuna diski ya Tokyo inayoweza kuongeza kitu ambacho kanda haina, na hakuna MP3 ya leo inayoweza kurudisha kilichopotea kwenye kaseti ya nne. Ndiyo maana waliojitokeza kuanzia 2011 hivi kuzihifadhi kidijitali kanda za RTD, kupitia Tanzania Heritage Project, walikuwa wanafanya kazi nzito kuliko vita vyote vya SACD. Filamu ya Wahenga ya mwaka 2018 inaigusa habari hiyo.

Na kanda nazo huugua. Baadhi ya kanda zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, gundi yake ikalainika, na ukizicheza zinaacha unga mweusi kwenye mashine huku zikilia kama mlango wenye kutu. Dawa yake ni kuziweka kwenye joko. Kweli kabisa: zinaokwa taratibu kwa nyuzi 50 hadi 55 kwa saa nyingi, unyevu unatoka, na fundi anapata muda wa kuzinakili kabla hazijarudia hali yake.

Mtu aliyeshika maikrofoni mkononi

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na gari la mitambo akirekodi ngoma na ala vijijini. Hakuweka maikrofoni kwenye kigingi akaiacha. Aliishika mkononi na kuisogeza kati ya wapigaji, kama mtu anayechagua kwa sikio nani asikike sasa. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na mfululizo wake wa Sound of Africa ulifika santuri 210. Zilitoka upya baadaye kwenye CD, na zina uhai ambao rekodi nyingi za kidijitali zinautamani.

Upande wa Usukumani, mtafiti Frank Gunderson alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi na kuzichapa kitabuni mwaka 2010, zikiwemo za kulima kwa pamoja. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yanaendelea kuzitunza ngoma zenyewe zikiwa bado zinachezwa.

Ala zetu nazo zinatoa hoja ambayo mashabiki wa sauti safi wanaipenda. Ilimba ya Wagogo, ile ya Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003, ina vipande vya utando vinavyonguruma, na milio midogo inayopanda juu ya mlio mkuu. Mwaka 2000 Tsutomu Oohashi na wenzake wa Japani walichapisha utafiti uliotumia gamelan ya Bali, wakidai milio iliyo juu ya uwezo wa sikio huugusa ubongo hata kama mtu hasemi ameisikia. Wengine waliojaribu kurudia hawakukubaliana. Mimi ningependa kuona jaribio hilo likifanywa Dodoma, kwa Wagogo wenyewe, badala ya maabara.

Aibu ya Phoenix

Baada ya SACD kuelemewa, mashabiki wengi walirudi kwenye santuri. Mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri milioni 41 na CD milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 santuri kuizidi CD kwa idadi. Kampuni iliyoheshimiwa kuliko nyingi ilikuwa Mobile Fidelity, ambayo santuri zake ziliuzwa ghali kwa sifa ya kutengenezwa moja kwa moja kutoka kanda mama. Wateja walisema wanasikia utamu wa analogia usiochafuliwa na namba.

Julai 2022 Mike Esposito, mwenye duka la santuri mjini Phoenix, alieleza hadharani kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikipitisha kazi zake kwenye hatua ya kidijitali. Akaalikwa kiwandani, na mafundi wakakiri mbele ya kamera: tangu 2011 santuri nyingi zilitoka kwenye DSD. Na DSD ni nini? Ni lugha ile ile ya SACD, biti moja inayopanda na kushuka. Watu waliokuwa wakiikataa sauti ya kidijitali walikuwa wameisifu kwa miaka kumi na moja bila kuitambua. Kesi ikafunguliwa, kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 25.

Uzito wa wimbo mmoja

Sauti safi sasa haihitaji diski. Juni 2021 Apple ilifungulia wateja wake muziki usiopunguzwa bila kuongeza bei. Swali lililobaki, kwetu, ni la kifurushi cha intaneti na nafasi kwenye kadi. Wimbo wa dakika nne kwenye MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 una megabaiti kama 4. Kwa kipimo cha CD, bila kupunguzwa, ni 42. Kwa biti 24 na mara 192,000, ni 276. FLAC hupunguza uzito huo karibu nusu bila kupoteza kitu, lakini hata hivyo kadi iliyobeba nyimbo elfu moja ingebeba chache sana.

Tena si kila faili lenye namba kubwa lina sauti kubwa ndani yake. Faili la 192,000 linaweza kutengenezwa kutoka CD, au hata kutoka MP3, kwa kubonyeza kitufe. Programu ya bure ya Audacity ina picha ya milio iitwayo spektrogramu inayofichua hila hiyo. Rekodi halisi ya ubora wa juu huonyesha milio ikififia taratibu kwenda juu. Iliyotoka kwenye CD ina ukingo ulionyooka kama umekatwa kwa wembe karibu na 22,000, na iliyotoka kwenye MP3 ya kilobiti 128 ukingo wake uko 16,000 hivi, vyovyote lilivyoandikwa jina la faili.